Delmiro Apeleka Posa Malvern

Hélène alicheka kwanza. Alikuwa saluni kwake anamsuka mteja, kichwa cha watu kimebanwa katikati ya magoti yake, na Delmiro amekaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na hita, gita mapajani. Katikati ya mazungumzo ya bei ya nyanya, Delmiro akasema anataka kumuoa.

"Unioe mimi? Wewe?"

"Wewe, ndiyo. Kuna mwingine humu?"

"Nipo mimi," akasema mteja kutoka chini, "lakini nina mume. Mkubali bwana, mama, shingo inaniuma."

Hélène akacheka mpaka machozi. Kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema kwa sauti ya chini kwamba yeye alishakubali zamani, ni vile tu hakuulizwa. Delmiro akaruka kutoka kitini. Hélène akamwonyesha kichana. "Subiri, usishangilie. Mimi siolewi kwa kujificha. Nenda kwa yaya François, kaka yangu mkubwa, kule Malvern. Alinitoa Uvira na mtoto mgongoni, nikiwa mjane, nikiwa sina hata sufuria. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nitalia, halafu nitaendelea kusuka."

Delmiro alijua hasemi mzaha. Kwa mambo mengine Hélène alikuwa mwepesi, lakini kwa kaka yake mkubwa alikuwa mgumu kama kokwa la embe. Basi furaha yote ya mzee huyu, kwa umri wake wa miaka hamsini na ushee, ikawa imening'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakupenda wanamuziki.

Sasa lazima ujue Delmiro ni nani, maana mtaa mzima wa La Rochelle, hapa Johannesburg, unamjua na bado hakuna anayejua vizuri katokea wapi. Alizaliwa Brazili, jimbo la Paraíba, upande mkavu wa nyika, ambako mbuzi wanakula miiba na watu wanakula unga wa muhogo na sukari guru. Kwao siku ya gulio washairi wawili hukaa kwenye viti viwili, kila mmoja na gita lake la nyuzi kumi, wakaanza kuchanana kwa beti za papo kwa papo. Huyu anamwambia mwenzake ana masikio ya punda, yule anajibu kwamba afadhali masikio kuliko akili ya punda, na ole wake atakayekosa kina. Watu wamesimama wanakufa kwa kicheko. Na mshairi akikukuta sokoni ni lazima akutie katika ubeti, akuvute sharubu kidogo, halafu akusifie. Akikusifia bila kukuvuta sharubu, unashika mfuko wako, maana mtu huyo anataka kitu kwako. Delmiro alikulia miguuni pa watu hao, na kabla ya ndevu kuota alikuwa anakaa kiti cha pili.

Johannesburg alikuja mwaka wa Kombe la Dunia, na kundi la wapiga ngoma waliokodiwa kuchangamsha mashabiki. Mechi zikaisha, aliyewaleta akayeyuka na tiketi za kurudia, na wenzake wakatafuta njia moja moja wakaenda. Delmiro akabaki. Alipata kazi ya kuchoma kuku kwa Mreno mmoja La Rochelle, kwa sababu lugha yao ni moja, na akapanga chumba cha uani kwenye nyumba iliyojaa Wakongo.

Hapo ndipo alipofanya kituko ambacho mpaka leo watu wanamtania nacho. Majirani wote wanane wa ua ule walikuwa wanaongea Kiswahili: asubuhi Kiswahili, bombani Kiswahili, ugomvi Kiswahili. Delmiro akajiambia: haya, hii ndiyo lugha ya Afrika Kusini, ngoja nijifunze. Akajifunza kwa bidii zote. Maneno yote yanaishia kwa irabu kama ya kwao, vina vinajileta vyenyewe, akaona Mungu amemfungulia mlango. Alipojiona ameiva akavaa shati safi, akaenda mpaka mjini, akamsimamisha polisi mmoja na kumwamkia: "Shikamoo, afande, habari za toka asubuhi?" Yule polisi akamtazama juu mpaka chini. "Eish," akasema, akaendelea na njia yake. Delmiro akajaribu kwa muuza mahindi, akajaribu kwa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, akajaribu kwa mama mmoja kwenye foleni ya teksi. Patupu. Alirudi nyumbani amekasirika, akawauliza majirani kwa nini wamemfundisha lugha ambayo nchi nzima haiijui. Ua mzima ulilala chini kwa kucheka. Pitchou, fundi cherehani wa chumba cha tatu, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Lakini lugha alishaipenda, na mapenzi hayarudishwi dukani. Akaanza kutunga kwa Kiswahili. Mahali pake pa kutungia palikuwa saluni ya Hélène, na sababu ilikuwa ya maana. Mtu anayesukwa hana pa kukimbilia. Amebanwa saa nyingi, amechoka na simu, sasa anataka kusema: mume wangu hivi, mama mkwe vile, shuleni nilipendwa na mwalimu wa hesabu. Delmiro anasikiliza, anagusagusa nyuzi, na Hélène anapofunga msuko wa mwisho, wimbo nao uwe umefika mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mteja anatoka na nywele mpya na wimbo mpya, na mara nyingi wimbo ndio uliodumu zaidi.

Uliomtoa hasa ulikuwa wimbo wa Zubeda, Mtanzania anayeuza chapati kwenye kona. Zubeda alikuja kusuka siku moja, akawa anajisifu mno, na Delmiro akamchana papo hapo:

*Chapati zake Zubeda*
*ukiziweka mwangani,*
*waweza kumwona mtu*
*anayepita njiani;*
*ila ukionja moja*
*hurudi kwako nyumbani.*

Zubeda alimrushia kandambili. Wiki iliyofuata watu walipanga foleni kwenye kona yake, kila mmoja anainua chapati juani na kuchungulia, halafu anakula na kuagiza nyingine. Zubeda akaja saluni na sahani iliyofunikwa na kumwambia, "Kaka, nichane tena." Tangu hapo akawa dada yake wa hiari.

Na Hélène? Hélène hakuwahi kuomba wimbo. Alikuwa anasimulia tu, miaka nenda miaka rudi, habari za Uvira, za ziwa, za marehemu mumewe, na sana sana za kaka yake François, na Delmiro alikuwa anapokea kila neno na kulihifadhi. Mapenzi yaliingia bila hodi. Hata Héritière, binti wa Hélène, aliyezaliwa kwingine lakini akakulia hapa na anayejibu kila Kiswahili kwa Kiingereza, alishawahi kumwambia mama yake kwa Kiswahili kizima, ili asikosee: "Mama, huyu mzee anakupenda, na wewe unajifanya huoni."

Basi posa. Delmiro alimwendea Pitchou awe mshenga wake. Pitchou alikubali kabla sentensi haijaisha, kisha akakunja uso.

"Tatizo ni mdomo wako," akasema. "Papa François si wa mchezo. Ni shemasi, ni mkubwa wa walinzi, ana walinzi wengi chini yake. Baba yao alikufa yeye akiwa na miaka kumi na tisa, akawa baba tangu siku ile. Pale hautanii mtu. Mkwe hataniwi. Ukiombwa kuimba, mpambe. Simba, nyota, mlima, yote mpe."

"Kwetu ukimpamba mtu hivyo, anadhani unataka kumwibia mbuzi."

"Na wewe unataka kumchukua dada! Kwa hiyo nyamaza, pamba."

Delmiro hakuupenda ushauri huo kabisa. Lakini Pitchou ndiye aliyejua mila, na mgeni asiyesikia la mwenyeji hupotea. Akaenda Fordsburg kwa Fahad, muuza vitambaa ambaye alishamtungia tangazo la mapazia, akachagua kitenge kizuri cha shangazi wa bibi harusi. Kilichobaki ni ukoo. Haendi mtu posa peke yake, na Delmiro upande huu wa bahari hakuwa na hata binamu. Pitchou akamtengenezea: Zubeda awe mama, Jelimo awe dada. Jelimo ni Mkenya wa benki, mwenye viatu virefu na sheria nyingi, ambaye Delmiro alimtungia mama yake wimbo wa kustaafu. Alisema atakuja kwa sharti moja tu, asiambiwe aseme uongo. "Mimi nitakaa tu nionekane dada," akasema.

Jumamosi mchana wakafika Malvern, nyumba ya uchochoroni karibu na Jules Street, na makreti ya soda, na kitenge, na Delmiro amevaa suti ambayo Pitchou alimshonea mtu mwingine. Getini walimkuta François mwenyewe. Tai shingoni, mikono nyuma. Akauliza majina, mmoja mmoja, ingawa Pitchou anamfahamu miaka mingi. Akachungulia kwenye makreti. Ndipo akafungua.

Ndani kulikuwa na kiti cha mikono mbele, na wageni wakawekwa kwenye makochi, na wadogo wa François na wake zao kwenye mkeka. Hélène alikuwa jikoni na mlango wazi kidogo. Pembeni alikaa shangazi Victoire, dada wa marehemu baba yao, bibi mdogo wa mwili aliyefumba macho kana kwamba haya yote hayamhusu. François akakaa kwenye kiti cha mikono.

"Bon," akasema. "Tumewapokea. Huyu ndiye mama wa kijana?"

"Ndiyo, Papa," Pitchou akajibu.

François akamtazama Zubeda, ambaye alikuwa mdogo kwa Delmiro kwa miaka isiyopungua kumi na tano. "Hongera, mama. Ulizaa kabla ya kuzaliwa."

Watu wa mkekani walibana midomo. Zubeda hakutikisika. "Kwetu tunaanza mapema," akasema. Jelimo akaangalia dari.

Mambo yakaendelea hivyo, Pitchou anamwaga methali, François anazipokea kwa uso wa getini. Kijana anafanya kazi gani? Anachoma kuku, na ni mtunzi. Kuku nimeelewa, François akasema, hiyo ya pili ni kazi? Delmiro ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, jasho linamshuka ndani ya suti ya mtu. Mwishowe François akaegemea nyuma. "Nasikia anaimba vizuri. Basi aimbe. Aimbe nyumba aliyoingia."

Pitchou akamkanyaga mguu: pamba! Delmiro akachukua gita na kupamba. *Wewe simba, wewe nyota, wewe jabali la shani.* Akamfanya François mnara, akamfanya mto, akamfanya jogoo anayewika nchi ikaamka. Sauti ilikuwa nzuri, vina havikukosea hata kimoja, na kila ubeti ulipoisha alihisi ameshusha tofali moja zaidi mguuni mwake mwenyewe. Alipomaliza, mke wa mdogo mmoja alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

François alikuwa amebadilika rangi. Si hasira tu ile, kulikuwa na kitu kingine, na Delmiro aliyezoea kusoma nyuso za watu sokoni alikiona lakini hakukielewa.

"Huyu mama," François akasema polepole, akimwonyesha Zubeda, "wimbo wake wa chapati umefika mpaka hapa Malvern. Walinzi wangu wanauimba. Nimewakataza, wanauimba. Mimi mwenyewe nimejikuta nauimba bafuni. Ule ni wimbo. Mtu anayeimba vile amekutazama, amekujua. Mimi ananiambia jogoo." Akasimama. "Anayenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, dada yangu atampaka nini? Hapana. Asanteni kwa kuja. Soda zenu mtarudi nazo."

Jikoni kitu kikaanguka. Delmiro aliinua macho na kumwona Hélène kwenye ufa wa mlango, mkono mdomoni. Akaona kweli ameshamkosa. Miaka yote ya kukaa karibu na hita, misuko yote, vicheko vyote, vimeishia kwa jogoo. Pitchou akaanza kukusanya makreti ya soda.

"François." Ilikuwa sauti ya shangazi Victoire. Macho bado amefumba. "Hapo umekaa kama nani?"

"Nimesimama, shangazi."

"Ulipokuwa umekaa."

"Kama baba. Baba hayupo."

"Na baba mkwe anaimbiwa nini?"

François akashika tai yake. "Heshima."

"Anaweza kutaniwa?"

"Hapana. Anayemtania mkwewe analipa mbuzi."

"Basi mtoto wa watu amekuimbia heshima, na wewe unamfukuza kwa sababu hakukutania." Bibi akafumbua macho. "Unataka sifa za baba na kicheko cha shemeji kwa wakati mmoja. Tamaa gani hiyo? Chagua. Kama wewe ni baba, pokea jogoo wako unyamaze. Kama wewe ni kaka, basi huyu ni shemeji yako, na mashemeji wanachanana toka dunia iumbwe. Lakini kaka hakai kiti hicho."

"Sasa nani atakaa, shangazi?"

"Mimi ni damu ya baba yako kabla wewe hujaota jino. Nipishe."

Akanyanyuka, mdogo vile vile, akavuka chumba na kukaa kwenye kiti cha mikono, miguu haifiki chini. Chumba kizima kikasubiri. François alitazama mkeka kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Wadogo zake walisogea wakampa nafasi, bila kumwangalia usoni, wakiogopa atabadili nia. Tangu ana miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona ameketi chini na wenzake. Akalegeza suruali magotini, akashuka, akakaa, tai ikamlalia tumboni.

"Haya, shemeji," akasema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida. "Niimbe."

Delmiro akamtazama Pitchou. Pitchou akainua mabega: mimi sijui tena. Kama François angekasirika sasa, hakuna shangazi ambaye angeokoa kitu. Lakini wimbo huu Delmiro alikuwa nao tumboni miaka mingi. Alikuwa ameutunga mwenyewe bila kuombwa, kutokana na masimulizi ya Hélène, na hakuwahi kuutoa kwa mtu. Akakohoa, akagusa nyuzi.

*Shemeji yangu mlinzi,*
*hata akiwa nyumbani,*
*mke akileta nyanya:*
*"Fungua, nione ndani!"*
*Paka naye akitoka:*
*"Unakwenda kwa jirani?"*

Mke wa François, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya glasi, alipiga yowe la furaha na kuikabidhi trei kwa mtu wa karibu. "Ni kweli! Ananikagua! Jana amenikagua!" Wadogo wakafunika nyuso. François alikuwa ameganda. Delmiro akaona heri amalize, liwalo na liwe.

*Jumapili kanisani*
*hulala kiti cha mbele,*
*macho wazi, tai safi,*
*mtu wa heshima tele;*
*mchungaji akiomba*
*akoroma kwa kelele.*

Hapo watu wa mkekani wakavunjika mbavu. Mdogo wa mwisho alibingirika mpaka miguuni pa Jelimo, na Jelimo naye alikuwa ameshavua viatu na anajipiga mapaja. Zubeda akapiga vigelegele kama mama mzazi halisi. Ni François peke yake aliyekuwa kimya, na mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua ni nini. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko chembamba, cha mtoto, kisichofanana kabisa na mwili wake. Alicheka akamshika mdogo wake begani asianguke. "Nani amekwambia?" akalia. "Ni Hélène! Hélène, umeniuza!" Na Hélène kule jikoni akajibu kwamba hajauza, ametoa bure.

Delmiro aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akateremsha sauti.

*Dada alipofikia*
*stesheni, baridi kali,*
*kaka alivua koti,*
*mwenyewe hakujijali;*
*sasa nikabidhi zamu,*
*lindo hili nikubali.*

Hakuna aliyepiga makofi. François alitazama mikono yake. Koti lile lilikuwa la kazi, na alikaripiwa kazini kwa kulikosa, na hakuwahi kumwambia mtu, maana ni nani amwambie? Baba hamwambii mtu. Kumbe Hélène aliliona. Kumbe alilisimulia saluni, mwaka hadi mwaka, mpaka likafika kwenye masikio ya mchoma kuku kutoka ng'ambo, naye akalitia vina.

"Ngoja," akasema François. "Kwenu nasikia mtu akiimbiwa anajibu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi sijui kuimba."

"Hata wanaojua walianza hivyo."

François akajikuna shingo. Akafumba macho, na mbele ya shangazi yake na wadogo zake na mama mkwe wa bandia, shemasi akaimba, kwa sauti iliyopanda pasipopandika:

*Zamu yangu nimelinda,*
*miaka mingi nimechoka,*
*shemeji, wewe chukua,*
*lakini usije ukasema sikukwambia*
*kwamba huyu dada yangu*
*anakoroma kuliko mimi!*

"Yaya!" Hélène akatoka jikoni mzima mzima, mwiko mkononi. Vina vilikuwa vimekufa vyote, mizani imelala chini, na Delmiro aliyesikia washairi wakubwa wa kwao alijua hajawahi kusikia ubeti alioupenda kama huo.

Kwa walinzi zamu haibadilishwi kwa kupungiana mkono. Anayetoka husimama wima na kusema amekabidhi, anayeingia husema amepokea, na mpaka neno hilo lisemwe hakuna anayeondoka. François hana namna nyingine ya kuacha kitu mikononi mwa mtu. Akajinyanyua kutoka mkekani, akanyoosha tai, akasimama mbele ya Delmiro, visigino pamoja.

"Nimekabidhi," akasema.

Watu wote wakamgeukia Delmiro, wakingoja ubeti. Mtu huyu alikuwa na ubeti kwa chapati, kwa mapazia, kwa mama yake Jelimo aliyestaafu. Akafungua mdomo, akatafuta, na hakukuwa na kitu ndani isipokuwa kilio. Gita likamteleza, Pitchou akalidaka.

"Nimepokea," akasema Delmiro.

Vigelegele vikapasua nyumba. Lakini Hélène akagonga mwiko kwenye mlango mpaka wakanyamaza, akaja katikati ya chumba, aproni imelowa, na akawatazama wanaume wawili mmoja baada ya mwingine.

"Mimi ni geti la nani?" akauliza. "Mnakabidhiana, mnapokezana, mnalia. Kuna mtu ameniuliza mimi?"

François akatazama chini, Delmiro akatazama chini. Shangazi Victoire, miguu inaning'inia, akafurahi sana.

"Mwanangu," akasema, "kiti hiki ndicho kinakuuliza. Unamtaka?"

Hélène hakuharakisha. Alimwendea François kwanza, akamlegeza tai, akaivua, akaiweka begani mwake kama mama anavyomvua mtoto sare ya shule. Kisha akamgeukia Delmiro, na uso aliokuwa ameukaza ukamshinda.

"Namtaka," akasema. "Jamani, namtaka sana. Mnapoteza muda wote huu, fufu inapoa."